Amechangamka au Ni Mchangamfu?

Kilomita chache nje ya mji wa Gitega, juu ya kilima cha Gishora, ngoma za kifalme za Burundi bado zinapigwa kwenye eneo linalohusishwa na mfalme Mwezi Gisabo. Magogo yake hukatwa kwenye mti ambao Warundi wanauita umuvugangoma, na huwambwa ngozi ya ng'ombe. Inkiranya hukaa katikati na kuongoza, amashakwe hushika mapigo yasiyobadilika, ibishikizo hufuata anachoagiza mpigaji wa kati. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mchezo huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Mtalii asomaye Kiingereza huelezwa kwamba wapigaji hao ni "energetic", ni "lively", ni "cheerful". Maneno matatu mafupi, na picha imekamilika. Kipeperushi cha namna hiyo kikimfikia mfasiri wa Kiswahili, jambo la kwanza analofanya ni kufungua kamusi, na jambo la pili ni kuandika "wapiga ngoma wenye nguvu, wachangamfu na wenye furaha". Upatanisho wa ngeli uko sawasawa. Hakuna mwalimu atakayetia kalamu nyekundu hapo. Lakini ngoma yenyewe imezimika, na msomaji anabaki na orodha ya sifa inayofaa cheti cha tabia njema.

Mtu aliyekulia ndani ya Kiswahili hasemi hivyo akirudi ngomani. Husema ngoma imekolea, ngoma imenoga, vijana wanaruka kama hawana mifupa, hakuna aliyekaa. Vyote hivyo ni vitenzi, na viwili vya kwanza vimetoka jikoni kwenye chumvi na mchuzi. Hoja ya mhadhara huu imelala hapo: katika Kiswahili, nguvu na furaha ya mtu hukaa kwanza kwenye kitenzi, kisha kwenye viungo vya mwili kama uso na moyo, na mara chache sana kwenye kivumishi. Mfasiri anayetafuta kivumishi kwa kila kivumishi atatoa Kiswahili sahihi ambacho hakuna anayekizungumza. Na mwanafunzi wa vilima vya Buraza, kusini mwa Gitega, ana mtaji mkubwa wa kuikwepa hasara hiyo kuliko anavyodhani, kwa sababu Kirundi chake kinafanya kazi kwa mtindo huohuo.

Jambo hili lina historia yake katika isimu. Mwaka 1977 mwanaisimu R. M. W. Dixon alichapisha makala mashuhuri iliyouliza vivumishi vimekwenda wapi. Alionyesha kwamba lugha nyingi duniani zina vivumishi vichache mno. Kiigbo cha Nijeria, kwa mfano, kilitajwa kuwa na vinane tu: vya ukubwa na udogo, weusi na weupe, upya na ukale, uzuri na ubaya. Lugha ikiwa na akiba ndogo hivyo, huitumia kwa vipimo, umri, rangi na thamani. Tabia za binadamu, kama vile uchangamfu, wivu na ukarimu, huachiwa nomino na vitenzi.

Lugha za Kibantu zimo katika kundi hilo. Vivumishi vya asili vya Kiswahili, vile visivyonyambuliwa na visivyoazimwa, ni makumi machache: -kubwa, -dogo, -refu, -fupi, -zuri, -baya, -pya na ndugu zao. Vya Kirundi ni vichache zaidi. Katika orodha zote mbili hakuna hata kimoja cha furaha. Kiswahili kikihitaji sifa ya mtu hukiendea kitenzi na kukichonga: tulia huzaa -tulivu, vumilia huzaa -vumilivu, legea -legevu, kakamaa -kakamavu, kunjua -kunjufu. Mchangamfu naye ni mtoto wa changamka, na ukoo wake ndio unaostahili kukaliwa kitako.

Changamka ina uwanja mpana ajabu. Mtoto aliyekuwa na homa amechangamka: anacheza, anadai chakula. Soko la Muyinga limechangamka: watu wamejaa, bei zinaitwa. Biashara imechangamka, na kinyume chake ni biashara imepoa au imedorora. Kahawa humchangamsha mtu asubuhi. Mchekeshaji kwenye sherehe anachangamsha genge. Bosi akimwambia kijana "changamka!" hamtakii furaha yoyote, anamwambia aache kuzubaa. Na magazeti ya Dar es Salaam hayachoki kuwataka wananchi "wachangamkie fursa", yaani wazikimbilie kabla hazijachukuliwa na wengine. Afya, msongamano, fedha, kahawa, mzaha, kufokewa na mkopo wa benki vyote vinahudumiwa na kitenzi kimoja, kwa kubadilisha mwisho wake tu. Kivumishi mchangamfu, mtoto wa kitenzi hicho, kimerithi chumba kimoja cha nyumba hiyo kubwa: mtu mwepesi wa kuongea na watu. Hakina wingi wa maana alionao mzazi wake.

Sasa tofauti yenyewe. "Mama huyu ni mchangamfu" na "mama huyu amechangamka" si kauli moja iliyovaa nguo mbili. Ya kwanza inaeleza alivyoumbwa. Hata akiwa amelala, bado ni mchangamfu. Ya pili inaeleza alivyo sasa, na ndani yake imeficha habari ya jana: kuna wakati hakuwa hivyo. Kiambishi -me- kinabeba historia ndogo. Mgeni akimwambia mwenyeji wake "leo umechangamka", mwenyeji ana haki ya kuuliza kwani jana alionekanaje. Na mwanamume anayetoka kwenye urwarwa, pombe ya ndizi, akasemwa "mzee amechangamka kidogo", kila aliyepo anaelewa kwamba si tabia yake inayosifiwa. Ni kibuyu.

Kiingereza hakitofautishi mambo haya kwa umbo. "He is cheerful" ni tabia na ni hali. Msikilizaji atajua mwenyewe. Kifaransa nacho, "il est joyeux", kinamwacha msikilizaji ajitegemee. Watu wengi wa Burundi waliosoma kupitia Kifaransa huhitimisha kwamba ndivyo lugha za Ulaya zilivyo zote.

Kihispania kinawakatalia.

Kihispania kina vitenzi viwili vya kuwa. "Ser" hutaja asili ya kitu, "estar" hutaja hali kilimo. "Es alegre" ni mtu mchangamfu, ndivyo alivyozaliwa. "Está alegre" ni mtu aliyefurahi sasa hivi, na, kama walevi wote wa Madrid wanavyojua, ndiyo kauli ya adabu kwa mtu aliyezidisha glasi kidogo. Kutoka Hispania mpaka Burundi, bila mtu kumwiga mwenzake, lugha mbili zimeuficha ulevi mdogo mahali pamoja: kwenye furaha ya hali, kamwe si kwenye furaha ya tabia. Anayefasiri "lively" kwenda Kihispania hukutana na mtego mwingine wa jamii hiyo. "Está vivo" maana yake yuko hai, hajafa. "Es vivo" maana yake ni mjanja, na Amerika ya Kusini mara nyingi ni ujanja wa kumzidi mwenzako akili. Mtu anayetaka kumsifu mtoto kwa uchangamfu wake akachagua kitenzi kisicho chake, atakuwa ametangaza kwamba mtoto hajafa, au kwamba atawaibia wenzake chenji.

Ulinganisho huu haukuja kwa mapambo. Kihispania na Kiswahili vyote vimo katika orodha ya lugha rasmi za Umoja wa Afrika, pamoja na Kiarabu, Kifaransa, Kiingereza na Kireno, na Guinea ya Ikweta ndiyo nchi pekee ya bara hili inayokitumia Kihispania kama lugha ya dola. Vijana wanaosomea ukalimani leo wanaweza kujikuta katika vibanda viwili vinavyotazamana. Wakifundishwa mapema kwamba "estar" na -me- hufanya kazi zinazokaribiana, watajiepusha na mzunguko mrefu wa kupitia Kiingereza, ambako tofauti hupotelea njiani.

Kirundi kimewahi kufika hapo zamani. Mtu mwenye furaha kwa Kirundi "aranezerewe": ni kitenzi, tena katika umbo la jambo lililokwisha kutimia, ingawa maana ni ya sasa. Wanaposalimiana na mmoja akaulizwa "urakomeye?", anaulizwa kama amekuwa imara, na jibu "ndakomeye" lina umbo lilelile. Ni -me- ya Kiswahili kwa sauti nyingine. Jambo la ziada ni kwamba kunezerwa kumejengwa kama kauli ya kutendwa, kana kwamba furaha humjia mtu kutoka nje ikamtenda. Mtoto wa Buraza anayesikia "aranezerewe" akasema "amefurahi" amefasiri vizuri bila kufundishwa na mtu. Taabu huanza anapopitia Kifaransa. "Il est joyeux" humfikisha kwenye "yeye ni furaha", kauli inayomgeuza binadamu kuwa furaha yenyewe. Walimu wa Kiswahili wa ngazi za mwanzo wanaijua sentensi hiyo vizuri mno.

Lakini ipo nyingine wanayoikata bila kuitazama mara mbili: "niko na furaha". Kiswahili sanifu hutaka "nina furaha", na mtihani ni mtihani. Hata hivyo, katika mitaa ya Bujumbura, Uvira na Bukavu, "niko na furaha" na "niko muzima" ni mazungumzo ya kila siku, na hayakuzuka kwa uvivu. -Ko ni kiambishi cha mahali. Msemaji anasema yumo katika hali fulani kama mtu aliyesimama mahali fulani, anaweza kuondoka. Na "estar" ya Kihispania imetoka wapi? Imetoka katika kitenzi cha Kilatini cha kusimama. Watu wa miji hiyo wamejijengea "estar" yao kwa vifaa vya Kibantu. Mwandishi wa mhadhara huu hadai iingizwe kwenye mtihani wa taifa. Anadai tu kwamba mfasiri anayetafsiri mazungumzo ya riwaya, ambamo dereva wa Uvira anaongea, asimsafishe dereva huyo mpaka asikike kama mtangazaji wa Dodoma.

Kuna sababu ya kihistoria kwa nini Burundi husikika Viswahili zaidi ya kimoja. Lugha iliingia na misafara ya biashara iliyopita Ujiji na kandokando ya ziwa Tanganyika, ikashikwa na Wajerumani, ambao mwaka 1912 walihamisha makao ya utawala kutoka Usumbura, Bujumbura ya leo, kwenda Gitega. Askari, makarani na wachuuzi waliishi katika vitongoji vyao, na Wabelgiji waliochukua nchi mwaka 1916 waliviacha vikiendelea. Buyenzi ya Bujumbura ndiyo maarufu kuliko vyote. Kiswahili cha ziwani kilichanganyika na cha Kongo. Muyinga ni habari nyingine. Iko karibu na mpaka wa Tanzania, malori ya bandari ya Dar es Salaam yanaingia kupitia kituo cha mpakani cha Kobero, na wakimbizi waliokaa miaka mingi katika kambi za Kigoma walirudi na lafudhi ya huko, watoto wao wakiwa wamezaliwa ndani yake. Juu ya hayo yote ikaja shule: Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika elimu ya msingi katikati ya miaka ya 2000, na mwaka 2007 nchi ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo neno moja la furaha linaweza kuwa na makazi matatu: ya ziwani, ya mpakani na ya kitabuni.

Furaha ina sura yake. Nguvu ni ngumu zaidi.

"Energetic" ni mtu wa namna gani? Neno la kwanza la kamusi ni nguvu. Nguvu, hata hivyo, ni misuli. Tangazo la kazi linalosema "tunatafuta vijana wenye nguvu" litaleta wachukuzi wa mizigo, watu waheshimiwa kabisa, ila ofisi ilikuwa inatafuta afisa masoko. Na kinywaji kikitangazwa kwa herufi kubwa kwamba "kinaongeza nguvu", nusu ya wanaume watainamisha macho, kwa sababu kuta za miji yetu zimejaa matangazo ya waganga yenye maneno hayohayo na maana moja tu.

Wengine hukimbilia nishati. Katika Kiarabu, neno hilo bado ni la mtu: ni wepesi, ari na kujituma. Kiswahili cha leo kimelipeleka kwenye mitambo, umeme, mafuta, maji ya mabwawa, na nchi jirani ina Wizara ya Nishati. "Kijana mwenye nishati nyingi" anasikika kama anaweza kuunganishwa kwenye gridi. Labda miaka ijayo litarudi kwa binadamu, kama wapenda mazoezi wa mijini wanavyolisukuma. Kwa sasa limevaa kofia ya fundi.

Iliyobaki ni akiba nzuri ya nomino: ari, hamasa, bidii, kasi, moyo. Mfano bora wa matumizi yake haumo katika kitabu chochote cha tafsiri. Ulibandikwa ukutani Tanzania nzima mwaka 2005, Jakaya Kikwete alipogombea urais kwa kaulimbiu ya Ari Mpya, Nguvu Mpya na Kasi Mpya. Itazameni imejengwaje. Hakuna kivumishi cha nguvu hata kimoja. Kuna nomino tatu, na kivumishi pekee ni -pya, kimojawapo cha vile vichache vya asili, kimerudiwa mara tatu mpaka kikawa pigo la ngoma. Mwandishi wa kampeni wa Marekani angeandika kivumishi kwa mgombea mwenyewe, amwite hodari au mchangamfu. Mwandishi wa Kiswahili aliiweka nguvu nje ya mtu, kitu kinacholetwa nchini. Na muongo mmoja baadaye, mwaka 2015, John Magufuli alishinda kwa maneno matatu, Hapa Kazi Tu, ambamo hakuna sifa kabisa. Kila msikilizaji alijijazia mwenyewe kwamba mtu huyu hachoki.

Ari yenyewe imetembea. Kwa Kiarabu asili yake ni aibu, fedheha. Mtu aliyeguswa na aibu ya kushindwa hujituma, na Kiswahili kimefuata mwendo wa matokeo hadi kikasahau chanzo. Mfasiri hana haja ya kuyawaza haya kila siku, lakini yanaeleza kwa nini ari ina ukali kidogo ambao uchangamfu hauna. Timu yenye ari ina deni la kulipa.

Mpirani ndiko lugha hii hung'aa. Msikilizaji wa Muyinga anayefuatilia ligi ya Tanzania, ambako Warundi kama Amissi Tambwe na Saido Ntibazonkiza walivaa jezi za Simba na za Yanga pia, hawezi kukwama kwenye "energetic". Winga anayewasumbua mabeki ni machachari. Kiungo anayekimbia dakika 90 ana mapafu ya mbwa. Timu iliyoshika kasi ni moto wa kuotea mbali, iliyozubaa imepoa. Watangazaji hawa ni wafasiri wakubwa wasiojijua, maana habari nyingi za mpira huwafikia kwa Kiingereza, na hawana muda wa kupekua kamusi kabla mpira haujavuka mstari. Timu ya taifa ya Burundi nayo, iliyofuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2019, inaitwa Intamba mu Rugamba, mbayuwayu vitani. Wepesi wote umekaa katika ndege huyo, wala hakuhitaji sifa pembeni yake.

Turudi kwenye furaha, upande wa mwili. Katika waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 9, mstari wa 7, mtume Paulo anamzungumzia mtoaji ambaye Mungu humpenda. Kigiriki kimetumia kivumishi. Kiingereza kimeweka "cheerful", Kihispania cha Reina-Valera kimeweka "alegre", vivumishi vyote viwili. Kifaransa cha Segond kimekwepa: mtu hutoa kwa furaha. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, walikwenda mbali zaidi wakamleta moyo, na juu yake ukunjufu. Uamuzi wa kupendeza. Kukunjua ni kufungua kilichokunjwa, mkeka, nguo, uso. Mtoaji hakupewa sifa. Alipewa moyo usiokunjwa, na kila mtu aliyewahi kutoa sadaka huku amekunja uso alijitambua. Katika Mithali, sura ya 17, walipokutana na moyo wenye furaha, walilichukua changamka.

Bashasha ni neno jingine la uso, nalo lina sharti ambalo kamusi hazilitaji: lazima awepo mtu wa pili. Mwenyeji humpokea mgeni kwa bashasha; muuza duka huwa na bashasha kwa mteja. Mtu aliyekaa peke yake chumbani anafurahia barua yake hana bashasha, ana furaha tu. Akanyamuneza ya Kirundi iko jirani sana, nayo pia huonekana usoni, tena imewekwa katika ngeli ya vitu vidogo, kana kwamba furaha nzuri haina haja ya kujikuza. "Cheerful" ya Kiingereza haina masharti haya. Kabla ya kuchagua, mfasiri aulize: anafurahi mbele ya nani?

Furaha ya watu wengi, kwa upande wake, huandikwa kwa sauti yake. Umati hauwi "jubilant" kwa Kiswahili. Unapokea kwa nderemo na vifijo, unalipuka kwa shangwe, kina mama wanapiga vigelegele, ambavyo Warundi wanaviita impundu. Magazeti yameyachosha maneno haya, ni kweli, kiasi kwamba hata waziri aliyekuja kufungua choo cha shule hupokelewa kwa nderemo. Hata hivyo njia ni sahihi: msomaji asikie kwanza, aelewe baadaye.

Kuna mahali ambapo furaha ya Kiingereza haifasiriwi kuwa furaha hata kidogo. "Happy New Year" kwetu ni Heri ya Mwaka Mpya, na heri ni baraka, ni usalama. Kihispania kimefanya vivyo hivyo: hakisemi "alegre" kwa mwaka, husema "feliz", neno lililotoka kwa Kilatini cha bahati njema na neema. Barua za zamani za Kiswahili zilianza na mwandishi kujitangaza mzima, buheri wa afya, kabla ya kueleza hofu yake juu ya anayeandikiwa. Hapakuwa na haja ya kusema amefurahi. Mzima alikuwa amesema yote.

Umri nao una sheria. Burundi ni nchi ya abashingantahe, wazee wa busara ambao heshima yao imejengwa juu ya kujizuia, kusikiliza sana na kusema kidogo. Hotuba ya mgeni ikimsifu mzee wa namna hiyo kuwa "dynamic" na "vibrant", mkalimani akamwita mzee machachari, baraza litacheka na mzee atanuna. Mchangamfu anafaa, ikiwa mzee kweli huongea na watoto. Hodari anafaa kwa kazi aliyoifanya. Mara nyingi linalofaa ni kutaja tendo: mzee huyu bado anapanda mlima mwenyewe, bado analima, bado anaketi baraza hadi jioni. Nguvu yake imeonekana, na adabu haijavunjwa.

Hali ni tofauti kwa mtoto. Ripoti za shule nchini Burundi zimezoea Kifaransa, na mwalimu huandika mwishoni mwa muhula kwamba mwanafunzi ni "éveillé, dynamique, joyeux". Mzazi wa Muyinga asiyejua Kifaransa lakini anayesoma Kiswahili akitaka kuelezwa, maneno matatu yanaweza kwenda njia mbili. Njia ya kamusi: "ameamka, ana nguvu, ana furaha". Mzazi atauliza kama mtoto alikuwa analala darasani, na hizo nguvu anazitumia kumpiga nani. Njia nyingine: "Darasani yuko macho, kazi haimchoshi, na wenzake wanampenda kwa ucheshi wake." Vivumishi vitatu vya Kifaransa vimegeuka mahali, kitenzi na nomino, na hakuna kilichopungua.

Walimu wengine wangeongeza "ni mtundu", na hapo ubishi ungeanza, kwa sababu utundu ni wa mtoto anayefungua redio ya baba ili aone inavyofanya kazi, na pia ni wa mtoto anayeipasua. Mzazi wa mpakani, aliyesikia mafundi wa Tanzania wakisifiwa kwa utundu wao, atatabasamu. Anayelijua neno hilo kama karipio tu ataitafuta fimbo.